Uliza Mwalimu: Mvua ya asidi iko ziwani kwetu ama ni klipu tu za WhatsApp?

Toleo lililopita niligusa mvua ya asidi kwa sentensi mbili tu, nikasema huko Ulaya iliwahi kumaliza samaki kwa maziwa mengi, nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja kutoka Kisumu, Nakuru, Kendu Bay, Kakamega, na nusu yenu mmenitumia ileile klipu ya jamaa wa koti jeupe anayesema mvua ya mwaka huu imejaa asidi na watu wafunike matanki. Koti jeupe hata muuza nyama anavaa. Nimechagua maswali yaliyonikamata, majina nimeyaacha nje.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, natoka Kondele. Kama hiyo mvua ya asidi ikinyesha Ziwa Victoria, si ngege na omena wataisha? Na mbona kitabu chetu kinasema mvua yote ina asidi kidogo?

JIBU: Marahaba kijana. Kitabu hakidanganyi. Mvua safi kabisa, hata ile ya katikati ya bahari mahali hakuna gari wala kiwanda, ina pH, yaani kipimo cha asidi, ya karibu 5.6, kwa sababu ikishuka inakutana na kaboni dayoksaidi hewani, inaiyeyusha, inakuwa asidi hafifu, ileile inayowasha ulimi ukinywa soda ya chupa. 7 ndiyo katikati, chini yake asidi, juu yake alkali, na usisahau ile kitu walimu wanarudia mpaka mnachoka, kwamba kushuka namba moja ni mara kumi, kwa hivyo pH 4 ina asidi mara kumi kuliko 5 na mara mia kuliko 6. Tukisema mvua ya asidi tunamaanisha ile imeshuka chini ya kawaida yake, imefika 4 na kitu hivi, na wanaoishusha ni wawili: salfa dayoksaidi, inayotoka sana kwa kuchoma makaa ya mawe na kuyeyusha madini, na oksaidi za naitrojeni, za injini na matanuri ya moto mkali. Zikifika mawinguni ya kwanza inageuka asidi ya salfa, hiyohiyo ya betri ya gari, na ya pili inageuka asidi ya naitriki. Hata radi inatengeneza hiyo ya naitriki kidogo, na nyinyi wa Kisumu radi hamjawahi kupungukiwa.

Hii habari si ya jana. Mkemia Robert Angus Smith aliandika juu ya mvua ya asidi ya Manchester tangu 1852. Lakini maziwa ndiyo yalishtua watu, na hiyo ni miaka ya 1960, pale mwanasayansi Svante Odén wa Uswidi alipoonyesha kwamba salfa iliyokuwa inaharibu maji ya Uswidi na Norwe haikuwa yao, ilikuwa imetoka kwa mabomba ya moshi ya Uingereza na Ulaya ya kati, imesafiri na upepo mamia ya kilomita. Na watu walikuwa wanarefusha mabomba wakidhani ndiyo dawa! Kule Sudbury, Kanada, kwenye kuyeyusha nikeli, walisimamisha bomba moja la mita 381 mwaka 1972, hewa ya mji ikawa afadhali, salfa ikaenda kunyeshea maziwa ya watu wengine mbali huko.

Halafu kuna jaribio moja ambalo mimi sichoki kulisimulia. Kanada wana maziwa madogo waliyoyatenga kwa utafiti, na kuanzia 1976 mwanasayansi David Schindler na wenzake walichukua moja, lile walilolipa namba 223, wakawa wanamwaga asidi ya salfa ndani kidogokidogo mwaka baada ya mwaka, pH ikashuka pole kutoka 6.8 mpaka karibu 5. Wengi walitarajia samaki wakubwa, wale trauti, waelee wamekufa. Hawakufa. Trauti wazima waliendelea kuogelea kama hakuna kitu, lakini uduvi wadogo na visamaki wanaoliwa na trauti walianza kupotea mapema kabisa, pH ikiwa bado karibu na 6, halafu vifaranga vipya vya trauti vikakosekana, na hao wazee mwishowe ukiwaona kwa picha ni kichwa kikubwa na mwili umekonda, wanakufa njaa ndani ya maji yanayoonekana masafi ajabu. Kwa hivyo ziwa la asidi halinuki wala halichemki. Linakuwa tu safi kupita kiasi na kimya, bila vifaranga.

Kitu kingine kinachoua ni alumini. Udongo umejaa alumini lakini imefungwa, haina neno na mtu. pH ikienda chini ya 5.5 hivi inaanza kuachia, inaingia kwa maji, inaganda kwa mashavu ya samaki, anashindwa kupumua. Shika hiyo, tutaikuta tena Kakamega.

Sasa Victoria. Kwa nini mvua hiyohiyo iue ziwa moja na iache lingine? Hapa ndipo pa kuangalia, na unaweza kujaribu jikoni kwenu. Nunua kabeji ya zambarau, katakata majani machache, chemsha, chuja, upate maji ya bluu-zambarau. Chukua glasi mbili za maji ya mvua, weka hiyo rangi zote mbili, halafu glasi moja tu utie magadi kidogo, ncha ya kijiko, yale magadi ya kupikia mrenda. Hiyo ya magadi itageuka kijani. Sasa kamua ndimu, tone moja kila upande. Ile glasi ya mvua tupu itakuwa pinki na tone la kwanza au la pili, imeisha. Ile ya magadi utaweka tone, kijani, tone, bado, vipovu vinapanda, utaweka mpaka ndimu ikuishie mkononi ndipo ianze kubadilika. Hicho kilichokuwa kinapigana na ndimu kinaitwa bikaboneti, na ziwa lenye bikaboneti nyingi linaimeza asidi bila pH kushtuka, mpaka akiba iishe. Maziwa ya Norwe na Kanada yaliyoumia yamekaa juu ya granaiti, jiwe gumu lisilotoa kitu, akiba yao ni karibu sufuri. Ziwa Victoria si tajiri sana wa chumvi, maji yake ni mepesi kwa kweli, lakini lita yake moja inaweza kuzima asidi ya kama lita tisa za mvua ya pH 4. Na mvua ya namna hiyo inyeshe siku zote, mahali pote pa kilomita za mraba 68,800, nani ataitengeneza? Stima yetu kubwa inatoka jotoardhi, mito na upepo, si makaa ya mawe.

Lakini swali lako si la kitoto, na nitakwambia kwa nini. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayoangukia ziwa lenyewe, si mito. Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, hata Kagera, zote pamoja ni sehemu ndogo. Kwa hivyo chochote kilicho hewani ziwa linakipokea moja kwa moja, na kinachokuja kwa wingi si asidi, ni mbolea: vumbi la mashamba, majivu ya kuchoma vichaka na kuni. Kuna makadirio yanayosema zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani inashuka kutoka angani. Hiyo inalisha mwani na gugu maji. Ukitaka kuogopa kitu kinachotoka mawinguni, anzia hapo.

SWALI: Mwalimu habari. Mimi ni mama wa watoto watatu, Nakuru. Niliona ile klipu nikaacha kukinga mvua, sasa tunatumia maji ya kisima kirefu cha plot. Mtoto wa pili meno yanaota na madoa ya kahawia. Je, mvua ingekuwa mbaya zaidi?

JIBU: Nzuri mama, na pole na hiyo klipu. Umekimbia paka ukaingia kwa chui.

Maji ya chini ya ardhi ya Nakuru, na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, yana floraidi nyingi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kisipitwe ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kwetu vinapita hapo, vingine vinapita mbali. Inatoka kwa mawe na majivu ya volkano. Mahali pengine floraidi ikiyeyuka inakutana na kalsiamu, zinashikana, zinaganda, zinabaki chini. Maji ya huku yana sodiamu na bikaboneti kwa wingi na kalsiamu kidogo, kwa hivyo floraidi haina wa kumshika, inapanda na pampu mpaka kwa kikombe cha mtoto. Meno yanaharibika yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, mpaka umri wa miaka kama minane, ndiyo sababu wewe mkubwa uliyehamia huna doa na mtoto aliyezaliwa hapo anayo. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia mpaka mifupa.

Na tafadhali usichemshe ukidhani umetoa. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi haiendi popote, maji yanapungua kwa mvuke na yenyewe inabaki, kwa hivyo unaongeza ukali. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, limetumika sana hapo Nakuru miaka mingi, au kuchanganya na maji yasiyo na floraidi, na hayo maji yasiyo na floraidi, mama, ndiyo yale unayoyaacha yapite kwa gata yaende mtaroni.

Mvua ya Nakuru kinga. Asidi yake ni ile hafifu niliyomwelezea kijana wa Kondele, chini ya asidi ya chungwa kwa mbali sana. Shida ya maji ya mvua ni paa: vumbi, kinyesi cha ndege, panya aliyefia kwa gata. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache dakika kumi au zaidi ioshe mabati kabla hujaelekeza kwa tanki, funika tanki, ya kunywa weka dawa ya klorini au chemsha, hapo sasa kuchemsha kuna maana. Ya kupika na ya kunywa ya watoto iwe ya mvua, ya kisima iwe ya kufua na kuosha nyumba. Madoa yaliyokwisha kuingia hayatatoka kwa kubadilisha maji, daktari wa meno ndiye atakwambia la kufanya, lakini huyo mdogo wa mwisho bado unamuwahi.

SWALI: Mwalimu, hapa kwetu Kendu Bay tuna Simbi Nyaima, kaziwa kadogo ka duara, maji yake ukionja ni magadi matupu, na Ziwa Victoria liko hapo karibu unaliona, maji yake matamu. Mvua inayonyesha ni ileile. Inawezekana vipi?

JIBU: Swali tamu kuliko yote, na ningeweza kujaza gazeti nzima. Wazee wenu wana jibu lao, la yule mama mzee aliyenyimwa pa kulala kijijini usiku wa sherehe na kijiji kikazama, na mimi sibishani na wazee. Upande wa kemia ni hivi.

Ile asidi hafifu ya mvua, ile ya pH 5.6 ambayo jamaa wa koti jeupe anatutishia, ndiyo imetengeneza magadi. Usishangae. Maji yenye kaboni dayoksaidi yakizama udongoni yanaongezewa nyingine na mizizi na vitu vinavyooza, yanakutana na jiwe la volkano, yanalitafuna polepole kwa maelfu ya miaka. Jiwe linageuka udongo wa mfinyanzi, sodiamu na kalsiamu zinaachiliwa, na asidi yenyewe inatumika yote, kinachobaki mahali pake ni bikaboneti. Yaani asidi imeingia kwa jiwe ikatoka upande wa pili ni alkali. Maji hayo yanafuata njia yake mpaka ziwani.

Kuanzia hapo ni swali la mlango. Ziwa Victoria lina mlango, Mto Nile pale Jinja, kwa hivyo hata jua likichukua maji mengi namna gani, chumvi ina njia ya kutoka pole pole. Simbi Nyaima ni shimo la volkano, kina chake kama mita 25, hakuna mto unaotoka. Maji yanaingia kwa mvua na kwa kupenya kutoka ardhini, yanatoka kwa jua tu, na jua halibebi chumvi. Kalsiamu inaganda mapema na bikaboneti kidogo, inazama chini, sodiamu inabaki na bikaboneti yote iliyosalia, zinazidi kukolea, pH inapanda mpaka karibu 10. Ziwa Nakuru ni hivyohivyo, mito inaingia, Njoro, Makalia, Nderit, hakuna hata mmoja unaotoka, pH yake kwa miaka mingi imekuwa karibu 10.

Sasa mtu mjanja ataniuliza, je Naivasha? Naivasha pia haina mto unaotoka, na maji yake ni matamu, watu wanamwagilia maua. Mlango wake uko chini. Maji yanavuja ardhini yakienda na chumvi zake. Ukitaka kujua tabia ya ziwa usiangalie sana kinachoingia, uliza linatolea wapi.

Na mvua ya asidi ikiangukia Simbi? Kumbuka ile glasi ya kijani. Ungehitaji lori za asidi.

SWALI: Mimi ni fundi, Nyalenda. Mabati yangu yameota kutu na hayajamaliza miaka minne. Si hiyo ni asidi?

JIBU: Fundi, uliza geji, yaani unene, ya hayo mabati kwanza. Zinki iliyopakwa ikiwa nyembamba, na unyevu wa ziwa, na majani ya mwembe yaliyolala hapo juu mwaka mzima yakiwa yameloa, kutu inakuja yenyewe. Asidi ingeharakisha, ndiyo, inakula zinki, lakini ungeona mtaa mzima, hata kwa jirani aliyenunua mazito.

SWALI: Kwani Mwalimu unataka kusema Afrika hakuna mvua ya asidi kabisa? Msomaji, Eldoret.

JIBU: Sijasema hivyo. Iko, lakini ina mahali pake. Wanaoyeyusha shaba Zambia, upande wa Mufulira, wanaijua salfa vizuri, kuna mimea haioti upande upepo unakoelekea. Mpumalanga, Afrika Kusini, ndiko kuna mitambo mikubwa ya stima ya makaa ya mawe. Na karibu zaidi na sisi ni volkano, Nyiragongo na Nyamulagira kule Kongo juu ya Goma, zinatoa salfa dayoksaidi kwa wingi wa kutisha, na mvua inayopita kwenye huo moshi inashuka na asidi na floraidi, na watu wa vijiji vya upande huo wanakunywa maji ya mvua kwa sababu mito hakuna, jiwe lote ni tundutundu. Hao wakiambiwa wafunike matanki wakati mlima unatoa moshi, ni ushauri wa maana. Klipu ya mtu wa Goma haifai mtu wa Nakuru.

Kwetu kuna harufu ya mayai viza ukipita karibu na visima vya mvuke wa jotoardhi, hiyo ni haidrojeni salfaidi, inaweza kugeuka salfa dayoksaidi hewani baadaye. Kwa wanaoishi pale pale inafaa kupimwa. Kwa ziwa zima ni kidogo. Dizeli nayo imepungua ukali, mwaka 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilishushwa mpaka salfa sehemu 50 kwa milioni. Moshi wa matatu bado unaua mapafu, usinielewe vibaya, ila si kwa njia ya ziwa.

SWALI: Ndugu Mwalimu, nafuga ngege kwa keji, vile vizimba vya nyavu ziwani, upande wa Bondo. Usiku kulikuwa na mvua kubwa na upepo, asubuhi nikapata samaki wanaelea, wakubwa ndio wengi. Jirani yangu anasema ni asidi imetoka juu. Nimepoteza pesa, niambie ukweli.

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Jirani amekosea mwelekeo, hiyo kitu haikutoka juu, ilitoka chini.

Ulichosema chenyewe ndicho kinanionyesha: walikufa alfajiri, wakubwa wakatangulia, na usiku kulikuwa na upepo. Hiyo ni kukosa oksijeni. Maji ya ghuba yamejaa mwani, mchana mwani unatengeneza oksijeni mpaka inazidi, usiku hakuna jua, na mwani wenyewe unapumua oksijeni ileile pamoja na samaki wako na uchafu unaooza kwa matope. Saa kumi na moja asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote. Sasa ukiongeza upepo mkali unaopindua maji, yale ya chini yaliyokaa muda mrefu bila hewa yanapanda mpaka kwenye keji, samaki wa porini anatoroka, wako amefungwa. Mkubwa anahitaji oksijeni nyingi, anaenda kwanza. Kama ulipofika maji yalikuwa yamebadilika rangi na yananuka matope, umepata jibu lako.

Kuna na upande wa pH, ila ni kinyume cha anavyosema jirani. Mwani mchana unakula kaboni dayoksaidi, ile iliyokuwa inashikilia asidi kidogo majini, ikiisha pH inapanda, jioni unaweza kupima ukapata 9 na zaidi mahali palikuwa 7 na nusu asubuhi. Hapo amonia inaingia. Samaki wanaikojoa, chakula kisicholiwa kinaoza na kuitoa, na amonia ina sura mbili, moja haina madhara sana na nyingine ni sumu. Kwa maji ya joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7 ile ya sumu haifiki hata asilimia 1. pH 8 ni kama 5. pH 9 ni zaidi ya theluthi! Amonia ni ileile, hujaongeza kitu, maji tu yamekuwa alkali. Kwa hivyo mtu anayewatupia samaki pelleti nyingi saa kumi jioni kwenye maji ya kijani, anawalisha na sumu pamoja.

Fanya hivi. Wenye keji za hapo mchange mnunue kipimo cha oksijeni kimoja, bei yake kwa mtu mmoja inauma lakini kwa kumi inawezekana, mpime alfajiri na si saa nne wakati kila kitu kinaonekana sawa. Ukiona chini ya miligramu 3 kwa lita, usilishe kabisa siku hiyo, kulisha kunafanya samaki apumue zaidi. Angalia kina, keji isikaribie matope, na kama mmebanana hapo mahali pasipo mkondo wa maji, zungumzeni na BMU, ile kamati ya ufukwe, msogee. Na ukipata vifo tena usitupe wote, chota maji kwa chupa safi kutoka kwa keji, jaza mpaka juu, peleka na samaki wawili watatu waliokufa muda huohuo kwa watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapo Kisumu. Samaki wa jana mchana hawatawaambia kitu.

SWALI: Kakamega hapa. Afisa wa kilimo alipima shamba langu akasema pH ni 4.9, udongo una asidi. Ni hii mvua?

JIBU: Ni mvua, lakini si ya asidi. Kakamega mnapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, maji mengi hivyo yanaosha kalsiamu na magnesiamu yanazipeleka mtoni miaka nenda rudi. Halafu wewe mwenyewe umeongeza, umeweka DAP kila msimu, si ndiyo? Amonia ya ile mbolea bakteria wakiibadilisha kuwa naitreti wanaacha asidi udongoni. Na hapa ndipo ile alumini niliyosema inarudi: chini ya 5.5 inafunguka, inakata ncha za mizizi ya mahindi, mizizi inakuwa mifupi minene, unaona mahindi yana njaa na mbolea umeweka, na fosforasi yenyewe inashikwa na hiyo alumini. Kilichoziba mashavu ya samaki wa Norwe ndicho kinakula mahindi yako.

Dawa nayo ni moja. Uswidi na Norwe wamekuwa wakimwaga unga wa chokaa kwenye maziwa, kwa mashua na hata helikopta. Wewe tumia chokaa ya shamba, kiasi kile karatasi ya vipimo inasema, uchanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, ukiongeza mboji. Punguza DAP, kuna mbolea zingine zisizoongeza asidi. Na kama una kipande cha chai, hicho kiache kilivyo. Chai inapenda hiyo 4.9.

SWALI: Mwalimu tusaidie, tumeweka dau la nyama hapa Nakuru. Mimi nasema flamingo walihama kwa sababu mvua ya asidi iliharibu maji ya ziwa. Rafiki yangu anasema ni maji yalizidi. Nani analipa?

JIBU: Lipa.

Flamingo mdogo, yule aliyejaza picha za Nakuru, anakula mwani mmoja hasa, spirulina, na huo mwani unataka magadi makali. Kuanzia kama 2010 mvua ziliongezeka milimani, mito ikaleta maji zaidi kuliko jua linavyoweza kuondoa, ziwa likapanda kutoka kilomita za mraba 40 na kitu mpaka zaidi ya 60 ndani ya miaka kumi hivi, likameza lango kuu la mbuga, likafika kwa nyumba za watu. Magadi ni yaleyale lakini maji yameongezeka, ukali ukapungua, spirulina ikapungua, mwani wa aina zingine ukachukua nafasi, na ndege wakafuata chakula, wengi wakaenda Bogoria. Hawajagoma, wanarudi makundi makundi maji yakikolea. pH bado iko juu, bado ni ziwa la magadi, asidi haijawahi kulishinda hata kidogo.

Ila rafiki yako asijigambe sana, maana kwa meseji yake nyingine ameniandikia kwamba maji yaliyozidi ni ya Naivasha yamepitia chini ya ardhi, kumbe ni ya mvua na mito kama nilivyosema. Nusu kilo inamtosha, na kachumbari alipe yeye.